Saini Zangu na Pikipiki za Machimboni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi maana mzigo huu sina pa kuutua. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa, wananiita Mama Katibu, na ni mimi niliyepita nyumba kwa nyumba kukusanya saini ili halmashauri isiwape vijana wa pikipiki yale machimbo ya kokoto yaliyoachwa wachezee michezo yao ya kuruka, nikisema ni wahuni, watatuulia watoto, ingawa kusema kweli huko sikuwahi kukanyaga. Juzi nikaenda kupiga picha za ushahidi, nikakatiza njia yao bila kujua, mzee mmoja akainua bendera nyekundu, na pikipiki zote kumi na tisa zikazima injini kwa pamoja, kukawa kimya mpaka nikasikia viatu vyangu kwenye changarawe. Kumbe ndiyo sheria yao, mpita njia akionekana hakuna anayenguruma mpaka avuke. Nilipovuka, nikiwa bado nimeduwaa, zikawaka tena, moja ikapanda tuta, ikaruka, ikakaa hewani, wallahi ilikaa, ikatua taratibu kama kikombe mezani, nikajikuta napiga makofi na simu mkononi. Mwendeshaji akavua kofia, akawa binti yangu, fundi cherehani, anayeniaga kila wiki kuwa anapelekea wateja nguo. Akaiangalia simu, kisha akaniangalia mimi. Tangu siku hiyo nyumbani tunaongea habari za kupitishiana chumvi mezani tu. Jumamosi natakiwa nizisome zile saini mkutanoni, na wakinyimwa machimbo watarudi barabara kuu, katikati ya malori, walikokuwa mwanzo. Nifanye nini?

Mama Katibu, pole, ila pole yangu ni nusu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa ulimi mlango hadi mlango. Sasa vaa viatu vilevile, rudi milango ileile, ueleze ulichokiona, uanze na bendera. Anayetaka kufuta saini afute, asiyetaka mwache, ni haki yake. Jumamosi isome karatasi kama katibu, kisha useme kama mama. Waombee vijana kibali cha maandishi, chenye saa za kuendesha, uzio, na mzee wa bendera asikosekane hata siku moja, maana ruhusa ya mdomo hufa na aliyeitoa.

Hapo pa pikipiki kumi na tisa kuzima pamoja nimesoma mara tatu. Hao si wahuni, mama.

Na binti yako, ndiyo, kakudanganya, mtaliongea baadaye. Lakini yeye aliona simu ya kupigia picha. Kwa kelele zile, makofi hakuyasikia. Leo hii, kabla ya chumvi, mwambie: "Mwanangu, nilikupigia makofi."