Ngazi Mia Mbili na Kumi za Mnara

Hoteli ya kale, mkabala na mnara,
Chumba namba 31, ghorofa ya tatu.
Alhamisi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kifupi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Mgongo wako waendeleaje? Mimi ni mzima wa afya, chuma kabisa, ila magoti, nayo nitayaeleza.

Hoteli hii mwanangu kachagua vizuri. Kuta nene kama mkono wangu ulivyo mrefu, na mimi mwashi wa miaka arobaini nimezigonga zote, hazina kasoro. Ngazi ya tisa tu ina ufa, nimeshamwambia meneja. Makumbusho, soko la kale, mnara, vyote unafika kwa miguu. Lifti hakuna. Chumba cha juu nimekiomba mwenyewe.

Unajua mwanangu anataka nihamie kwake, nyumba yangu ipangishwe. Basi tumepatana: nikipanda mnara hadi juu bila kushikwa mkono, hilo neno asilitaje tena. Kwa hiyo siku tatu, yeye na mkewe wakienda makumbusho, mimi napanda na kushuka ngazi za hoteli. Mfanya usafi akadhani nimesahau chumba.

Jana nikapanda mnara wenyewe. Mwanangu ndiye aliyepumzika mara mbili, anahema kama kakimbizwa. Juu nikauona mji wote, mapaa hadi macho yanachoka.

Kushuka ndiko magoti yalikogoma. Nikakaa kitako, nikateremka ngazi moja moja, watalii wananipita pembeni. Mwanangu akataka kunibeba. Nikamwambia, "Tulipatana kupanda. Kushuka hatukuzungumza." Naye akakaa kitako, tukateremka hivyo hivyo baba na mwana. Chini akajipangusa suruali, akasema, "Haya, Baba. Nyumba ni yako."

Kwa hiyo yule mpangaji aliyetafutwa na mwanangu akija kuangalia nyumba, mwambie mwenye nyumba anarudi Jumamosi. Kitanda changu kisitolewe hata mlangoni.

Nisalimie binti yako fundi cherehani, na mama mkwe wako, mwambie bado namzidi mbio. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Tena, kabla sijafika, mwite seremala apigilie ubao wa kushikia pale ngazi za mlango wa nyuma. Si wangu mimi. Nina wageni wengi wazee. Mwanangu usimwambie.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa hujui kutembea,
Mwashi