Seli Iliyobonyea

Jumatatu, 3 Machi

Nimeangusha seli! Imenitoka mkononi nikiunganisha betri ya kiti cha magurudumu cha Shangazi — pu, sakafuni. Shati limechanika (ndivyo tunavyoliita gamba la plastiki) na kitako kimebonyea kidogo. Haivuji, hainuki, haina joto. Nimeipima: sawasawa na wenzake.

Fundi mkuu hakutaka hata kuitazama mita. Anasema iliyochanika shati huvishwa jingine, lakini iliyobonyea ni ya ndoo nyekundu ya mchanga, huko nje, hata ikipima vizuri vipi. Ndani mna tabaka nyembamba zisizotakiwa kugusana, na jicho halifiki huko. Nikafunika ncha kwa utepe, nikaitia ndooni.

Lakini kama inapima vizuri? Swali halinitoki.

Jumanne, 4 Machi

Nimeitoa ndooni! Nimeiweka kwenye kopo la maziwa lenye mchanga, nyuma ya karakana. Kesho gari la taka za betri lingeichukua, nami nisingejua lolote. Fundi mkuu akigundua atanila mzima.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipima tena: chaji imeshuka! Kidogo mno, lakini wenzake hawajashuka. Haiwashi taa, haisukumi gurudumu — umeme wake unakwenda wapi? Kumbe inajila yenyewe ndani kwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako! Furaha niliyonayo haina kifani, na sina wa kumwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Mafua. Nimelala. Nadhifu, mwenzangu wa meza ya pili, amemalizia betri ya Shangazi na kumpelekea mwenyewe. Ana moyo yule.

Ijumaa, 7 Machi

Kopo tupu. Nimechakura mchanga wote.

Nikamuuliza Nadhifu. Ah, ile? Aliikuta na shati limechanika, akaihurumia. Akaipima, nzima! Akaivisha shati jipya la bluu. Angejuaje? Zilizobonyea huwa kwenye ndoo nyekundu, kila mtu anajua, na kitako hakukitazama. Sasa iko wapi? Kwa Shangazi — alikuwa amepungukiwa moja.

Nikapiga simu. Shangazi mchangamfu kweli: yuko kitini, chaja imechomekwa, na leo kiti kina joto tamu, mgongo umelegea wote. Nilipiga kelele hadi Nadhifu akaangusha bisibisi. Shuka! Mwite jirani akubebe, achomoe chaja, akisukume kiti nje, mbali na nyumba!

Naandika nikiwa uani kwake. Kiti kiko peke yake katikati ya uwanja. Hakuna anayekisogelea, hata mimi. Shangazi amekaa mlangoni kwa jirani, anauliza maswali kunishinda: seli moja inawezaje kuziambukiza zote? Mbona haitoi moshi? Damu moja hii. Namjibu huku macho yako kwenye kiti. Naogopa. Na bado nataka kuona — Mungu anisamehe.

Upepo umegeuka. Kuna harufu tamutamu, kama rangi ya kucha. Shangazi naye ameinusa. Tumewasogeza watu wote nyuma.

Fundi mkuu amepiga simu. Yuko njiani, analeta mchanga, tukae mbali, mtu asiguse kitu. Halafu akauliza: Nadhifu anaapa hakuitoa ndooni — sasa imetokaje?

Nikasema simu inakatakata, simsikii.

Sauti yake ilikuwa wazi kabisa.