Minyoo ya Chini ya Mawe

Mjukuu wangu Nekesa,

Habari ya huko Kahawa Sukari unakosoma? Huku Gatuanyaga tuko salama. Nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe amezaa.

Umeuliza kama mto wetu wa Chania ulikuwa na minyoo bapa unaosomea, wale wadogo wanaoishi huru majini, si wale wa tumboni. Ulikuwa nao. Nikiwa kijana nikifanya kazi kiwandani Thika, mwalimu mmoja wa chuo, mama mpole, alikuja kuwatafuta. Upande wa juu wa mto, kabla ya kufika kiwandani, kila jiwe aliloinua lilikuwa nao. Upande wa chini, maji yakishapita kiwanda, hakupata hata mmoja. Akanijia nikila chakula cha mchana ukingoni.

"Kijana, hapa kuna kitu kinamwagwa mtoni?"

Bomba la maji machafu ya kiwanda lilikuwa nyuma ya vichaka, hatua chache tu, na mimi ndiye niliyelifungua kila asubuhi. Msimamizi alisimama mlangoni akitutazama.

"Hakuna, mwalimu. Labda ni jua kali."

Aliandika, kisha akanishukuru. Alinishukuru, Nekesa! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata kiwanda kilinifuta kazi. Siku hiyo nilishuka mtoni kwa hasira, nikageuza jiwe baada ya jiwe mpaka vidole vikafa ganzi. Niliona matope meusi tu.

Yule mama sikumwona tena. Ukiandika habari za mto huo, usinifiche kwa kuwa mimi ni babu yako. Andika jina langu.

Babu yako,
Wafula