Nilisema au Niliota?

Jumanne, 4 Machi
Kemo tena. Saratani ya ovari niliyoiaga mwaka juzi imerudi, na haikubisha hodi. Daktari anasema safari hii dawa haitaiondoa, itaituliza tu. Mdogo wangu kakaa pembeni anafuma sweta. Mimi nakikagua kiti cha wodini — sponji imekufa, mshono wa ubavuni umeachia. Aibu! Fundi makochi mzima nakalia kitu kama hiki.

Ilipoingia ile dripu ya kuzuia mzio, usingizi ukanibeba. Mtamu! Nikaota nipo karakana, navalisha kochi refu lisilo na mwisho, kitambaa cha bluu, vidole vyangu vizima, bila ganzi ya dawa. Mtu akauliza nitamaliza lini. Nikamjibu, "Sitaki tena. Nimechoka. Niacheni nikae nyumbani."

Nilipoamka mdogo wangu alikuwa ananitazama. Sweta lipo sakafuni.

Alhamisi, 6 Machi
Nilisema kwa mdomo au niliota? Kumwuliza siwezi — nikiuliza, nimeshasema. Mimi nilishakataa matibabu haya. Yeye ndiye aliyelia mpaka nikakubali kuanza upya. Nampenda, ndiyo shida.

Jumapili, 16 Machi
Ganzi vidoleni. Nimejichoma sindano, nikaiona damu kabla ya kusikia maumivu. Nimefunga karakana mapema.

Mdogo wangu, mpiga domo namba moja wa ukoo wetu, siku hizi anaongea kwa kupimiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Naogopa.

Mchana nimelala sebuleni, dirisha wazi. Pazia linajaa upepo, linashuka, linajaa tena. Nyumba nzima kama inaelea, na mimi ndani yake, mwepesi. Leo hakuna kinachouma. Laiti siku zilizobaki zingekuwa hivi, hata zikiwa chache.

Jumanne, 25 Machi
Nesi kafunga mpira mkononi, akatafuta mshipa. Kasema majibu ya damu ni mazuri, kauliza kama tuendelee. Nikamgeukia mdogo wangu anijibie, kama siku zote.

"Usiniangalie mimi, dada," akasema. "Jibu mwenyewe. Siku ile nilikusikia."

Kumbe nilisema!

Halii. Ninayelia ni mimi. Nesi kaulegeza mpira, kasema hana haraka. Nimeomba kalamu kwanza. Mdogo wangu kanishikia daftari kwa mikono miwili, kageuza uso ukutani ili asisome ninachoandika.