Kata Moja Dunguni

Kibaoni, Ifakara
18 Mei 2025

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Huko jeshini, kambi ya Chita, hujambo? Wameshakunyoa? Mama anasema usiache kula asubuhi. Sisi tupo, mpunga umeiva, ndege wamepungua. Kwa kuwa simu mmezikabidhi, nakuandikia, na afadhali, maana haya nisingeyaweza kwa mdomo.

Mimi si mzima. Shingo imevimba hapa mbele, chini ya koo. Inauma mpaka sikioni, kumeza mate ni kazi. Moyo unakimbia hata nikiwa nimekaa. Mikono inatetemeka, juzi nilishindwa kuandika ubaoni, darasa likacheka, na unajua nikichekwa ninavyokuwa. Sketi naifunga kwa pini.

Ni Brigita. Usiseme namwonea binti wa baba mkubwa. Mwezi uliopita, tulipokuwa juu ya dungu shambani tunaamia ndege wasile mpunga, alikohoa siku mbili, na kata ya kunywea maji ilikuwa moja, mafua yakanishika na mimi. Akaniambia huku anacheka, "Digna, sauti ikikukauka, zaburi ya Pentekoste naimba mimi." Baada ya wiki tatu hivi shingo ikaanza, sauti ikakauka, na zaburi amepewa yeye. Shangazi Domitila kanipapasa shingo, akasema, "Huu ni mkono wa mtu."

Nakuungamia wewe kabla ya Padre. Unajua Brigita anaingia kwa masista Julai. Kule dunguni alinipa barua mbili. Moja Faustin alimwandikia, anataka watoroke wakaoane. Nimfichie baba mkubwa asiione. Ya pili ni jibu lake, anamkataa Faustin, nimpelekee. Niliona aibu kumkabidhi mvulana barua mkononi. Zote zimo kwenye kitabu changu cha nyimbo. Nataka Sista Agnella, anayewaandaa wanaoingia, aione ya Faustin. Hiyo tu. Kanichukulia sauti, na mimi namchukulia shela yake ya usista.

Mdogo wako,
Digna


Chita
24 Mei 2025

Mdogo wangu Digna,

Marahaba. Pole sana na shingo. Mimi nimenyolewa, kichwa kinang'aa kama sufuria ya mama siku ya sikukuu. Tunakimbia tangu alfajiri, nakula kila kitu, mwambie.

Nakuomba, usipeleke hiyo barua. Kuna jambo sijakuambia, nitakuambia nikipata ujasiri. Mrudishie Brigita zote mbili, halafu nenda hospitali. Shangazi si daktari. Hii nampa Obed, analeta mpunga huko kwa lori lake, ataifikisha kesho kutwa.

Kaka yako,
Wendelin


Kibaoni
9 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Natumaini miguu imezoea. Barua yako nimeipata leo. Lori la Obed lilivunjika ekseli huko Mngeta, akalala nalo wiki mbili. Umechelewa. Niliipeleka Ijumaa.

Sista Agnella aliisoma mara mbili, akaikunja. Akaniuliza, "Na yeye alijibuje?" Nikasema, "Sijui, Sista." Nilisema hivyo mikono imetulia, kwa mara ya kwanza tangu niugue. Jana Brigita aliimba zaburi macho yamevimba kuliko shingo yangu, maana ameambiwa asubiri kwanza. Nilifurahi. Nakuandikia kama ilivyo: nilifurahi mpaka wakati wa Komunyo.

Leo Mama kanikokota hospitali. Daktari kanivua kitambaa shingoni, kabonyeza, nikapiga kelele. Wakanitoa damu. Akauliza, "Ulipata mafua karibuni?" Nikamwambia ya dunguni. Akasema ndiyo yenyewe. Virusi vya mafua vilishapita, mwili ukavishinda, lakini nyuma yake tezi ya shingo, thairoidi, ikaumuka. Tezi ikiwa hivyo inamwaga homoni zake kwenye damu kwa mpigo, kama gunia lililotoboka. Ndiyo maana moyo unakimbia, jasho linatoka, nakonda. Kanipa dawa ya maumivu na uvimbe, na nyingine ya kutuliza moyo. Akaonya kwamba gunia likishakuwa tupu nitachoka na kuona baridi, halafu wengi hupona baada ya miezi. Nirudi kupimwa.

Nikamuuliza polepole, "Mtu anaweza kumtupia mwenzake kwa makusudi?" Akacheka. "Binti, mafua hayachagui adui."

Sawa. Ila aliyekohoa kwanza ni Brigita, na mwenye shingo hii ni mimi. Sijutii.

Digna


Chita
17 Juni 2025

Digna mdogo wangu,

Marahaba. Nimeshukuru daktari amekuona. Meza dawa kama ulivyoambiwa.

Aliyekohoa kwanza si Brigita. Ni mimi. Siku ile nilipowaletea wali na kambale dunguni, kabla sijaja huku, nilikuwa na mafua ya siku tatu. Nilikunywa dawa ya kikohozi chupa nzima ili kwenye kipimo cha afya wasinirudishe. Sikumwambia mtu. Nilichota maji kwa kata yenu, nikanywa, nikampa Brigita, Brigita akakupa wewe. Hilo ndilo nililoshindwa kuliandika.

Nikija, nipigeni wote wawili. Ila barua ya pili ipeleke kwa Sista leo.

Kaka yako asiyefaa,
Wendelin


Kibaoni
13 Julai 2025

Wendelin,

Hujambo. Shikamoo sikupi kwa sasa. Uvimbe umekwisha. Gunia limekuwa tupu kama daktari alivyosema: navaa sweta saa saba mchana Ifakara hii, watu wananiangalia.

Barua yako niliisoma, nikakuchukia siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nikaona kitu kibaya zaidi. Wewe ulikohoa, Brigita akakohoa, wala hakuna kati yenu aliyenikusudia. Aliyekusudia ni mimi.

Nikampelekea Sista jibu la Brigita. Nikamwambia nilikuwa nalo siku zote, na nilidanganya. Hakunigombeza. Nikatamani anigombeze. Wenzake Brigita walishaondoka tarehe moja. Yeye anawafuata Jumamosi, peke yake, kwa sababu yangu.

Jioni nikamwendea Brigita jikoni. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. Nikamweleza yote, na yako pia. Akasema, "Digna, nakusamehe kwa sababu nataka kuwa sista. Ningekuwa sitaki, ningekukaba hapo hapo palipovimba." Akanisukumia ungo wa pili. "Pepeta."

Nikamuuliza, "Na Wendelin?"

"Huyo na yeye nimemsamehe. Sina la kufanya."

Kwa hiyo, kaka, Brigita amekusamehe. Mimi sitaki kuwa sista. Njoo.

Digna