Mchumba Amenidanganya Kuhusu Muziki wa Skandinavia

Mshauri wangu mpendwa, hodi kwako, na tafadhali nisome mpaka mwisho maana hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza tena, mama kasema nimerukwa na akili na mdogo wangu wa kike kila nikifungua mdomo anakimbilia chumbani kucheka.

Mimi ni mpima macho katika duka la miwani, kazi yangu siku nzima ni kumkalisha mtu kwenye kiti, kumbadilishia vioo na kumuuliza hii au hii, ipi unaona vizuri zaidi, na nikitoka hapo starehe yangu ni moja tu, nakusanya rekodi za muziki wa klasiki wa Skandinavia, yaani Norwei, Uswidi na Denmark, na Ufini pia naiweka humo humo ingawa wajuaji watabisha, na sikusanyi ovyo ovyo, mshauri, mimi nataka rekodi safi, ile ambayo okestra ikitulia unasikia ukumbi mzima umetulia, na mpiga filimbi akivuta pumzi unaisikia pumzi yake, kwa hiyo simfoni moja naweza kuwa nayo kwenye santuri nne au tano za okestra tofauti, nazilinganisha mpaka nipate iliyo bora, na zinazobaki nagawa.

Sasa huyu mchumba wangu ni dereva wa gari la mikate, alikuja dukani kupimwa macho, macho mazima hayana hata chembe ya ubovu, na wiki iliyofuata akarudi kupimwa macho yale yale, nikaelewa, nikacheka, nikamkaribisha nyumbani, na hapo nikamfanyia jaribio langu ambalo namfanyia kila anayetaka kunizoea, naweka rekodi moja, kisha naweka nyingine pale pale penye muziki ule ule, halafu namuuliza hii au hii, na kabla yake kulikuwa na mwalimu mmoja mstaarabu sana aliyejibu kwamba kwake zote ni sawa, nikamuaga jioni ile ile, na kisa hicho nilimsimulia mchumba wangu siku ya kwanza huku nikicheka.

Basi yeye akapatia, akapatia tena, mwaka mzima hakukosea hata mara moja, mimi nikawa natamba kwa mashoga zangu kwamba nimempata mwanamume mwenye sikio, na alipotaka kunioa sikusita, ndugu wakakutana, kadi zikagawiwa, harusi ni mwezi ujao.

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni naosha vyombo, mdogo wangu akaikamata mashine ya santuri, nikamsikia anasema, "Shemeji, leo nakupima mimi," akaweka ya kwanza, akaweka ya pili, na mchumba wangu akachagua ile mbovu niliyokuwa nataka kuitupa, ile inayochachatika kama mafuta kwenye kikaango, nikatoka na povu mikononi nikamuuliza, "Umechagua hiyo?" akaniangalia usoni kidogo, akasema, "Basi ile nyingine," na mdogo wangu akaanguka kwenye kochi kwa kicheko.

Nikambana, naye hakuzunguka, akasema, "Mimi sisikii tofauti yoyote. Siku zote nilikuwa nakuangalia wewe. Ikilia ile nzuri unaacha kupepesa macho na bega lako la kushoto linashuka. Ikilia ile mbaya unasuguasugua hereni."

"Kwa hiyo huupendi muziki wangu?" nikauliza.

"Siuchukii," akasema, "ila ule wa taratibu unanilaza. Mwenzio naamka kabla ya alfajiri kupakia mikate."

Mshauri, damu ilinichemka, nikavua pete nikaitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake nikamwambia kwaheri, na tangu hapo ananipigia simu sipokei, ila nikikaa peke yangu mbele ya spika moyo unauma kweli kweli kwa sababu nampenda, lakini mtu aliyenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwaka mzima nitamwaminije, kama katika hili kanidanganya, je, katika mengine? Nisitishe harusi au niendelee? Nijibu upesi, mwenye ukumbi anataka jibu.

Mimi, Mwenye Masikio.

*

Mwenye Masikio,

Umenichekesha, halafu umenikera, kwa hiyo nitaanza na pole kabla hasira haijapanda. Pole. Mwaka mzima ulidhani mko wawili mnasikiliza kitu kimoja, kumbe ulikuwa peke yako. Hilo linauma, na anayekuambia ni upuuzi hajawahi kupenda kitu kwa dhati. Alipaswa kukuambia mapema, na mwambie hivyo bila kumung'unya maneno.

Sasa tuje kwako, dada yangu. Nani alikufundisha kumtahini mchumba? Mteja wako dukani akisema haoni tofauti kati ya vioo viwili, unamfukuza? Si unaandika tu na kuendelea? Lakini yule mwalimu wa watu alikuambia ukweli, ukamwonyesha mlango, na kisha ukaenda kumsimulia huyu wa pili huku unacheka! Ulitaka ajibu nini? Ulimwonyesha kwa mdomo wako mwenyewe kwamba nyumbani kwako mkweli hapewi chai ya pili. Akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyependa angefanya, akatafuta namna ya kubaki.

Na namna yenyewe, hebu itazame. Bega la kushoto! Mimi nimeolewa miaka ishirini, juzi nimekata nywele zote, mume wangu akaniuliza mbona leo umechelewa kupika. Wewe umepata mtu anayejua unapoacha kupepesa macho, nawe unamrudishia pete kwa sababu hajui okestra ipi ilirekodiwa vizuri. Wanawake wangapi wanaosoma ukurasa huu sasa hivi wanatamani kukuzaba kibao!

Unauliza kama atakudanganya katika mengine. Siwezi kumwekea dhamana mtu nisiyemjua. Ila nimeona kwenye barua yako kwamba ulipombana, alisema kweli yote pale pale, mbele ya shemeji yake, bila kuruka wala kukana. Waongo wazoefu hawako hivyo. Wale wangekuambia siku ile masikio yaliziba.

Kwa hiyo usisitishe harusi. Pokea simu leo. Mwambie kosa lake ni lipi, kisha umwambie na lako, na lako usilipunguze. Mwombe akuvishe ile pete yeye mwenyewe. Majaribio ya hii au hii yaishe kabisa, yabaki kule dukani kwenye vioo. Wa kulinganisha nao rekodi watafute wapenzi wenzako wa muziki huo, wapo, tena watabishana nawe kuhusu Ufini mpaka mchoke. Na kabla hamjahamia pamoja, kubalianeni mashine ikae chumba gani, chumba chenye mlango unaofungika, maana mtu wa mikate lazima alale. Akija mwenyewe kukaa karibu yako akasinzia, mwache asinzie. Usimwamshe kumuuliza ameisikia ile filimbi.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonikera zaidi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimejua mpiga filimbi anavyovuta pumzi, nimejua ukumbi unavyotulia, nimejua hata santuri mbovu inachachatika vipi. Kuhusu huyu mtu unayetaka kuishi naye maisha yako yote, sijaona popote kwamba yeye anapenda kusikiliza nini. Nahisi hujui, kwa sababu mwaka mzima hujamuuliza. Muulize leo, na akianza kukujibu, zima hiyo mashine.