Ubao Juu ya Makreti

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Nimekwenda kununua vifungo, nitarudi saa kumi. Mvua ikianza, anua nguo. Muuzaji wa pikipiki atapiga simu saa nane kuuliza tumeamua ipi, ya kawaida au ile kubwa. ~~Mwambie ya kawaida, mjadala umekwisha.~~ Soma kwanza mpaka mwisho.

Asubuhi sikukusudia kukucheka mbele ya binti yetu. Lakini na wewe! Unapanga makreti sebuleni, unaweka ubao juu, unapima mpaka ufikie kimo cha kiti cha ile kubwa, halafu unapanda na miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Tena unasema eti futi yangu ndiyo mbovu! Mume wangu, suruali zako zote nazishona mimi. Urefu wa miguu yako naujua kwa inchi, na sijawahi kumwambia mtu.

Hata hivyo, maneno yako niliyasikia. Ile kubwa ina tangi kubwa, haitatusimamisha kila mara kutafuta mafuta, na mizigo yetu yote itaenea. Ni kweli. Kwa hiyo ulipoondoka umenuna, nilipanda huo ubao mwenyewe.

Visigino vyangu viligusa sakafu, vyote viwili.

Basi mwambie tunachukua ile kubwa. Leseni ninayo tangu hujanioa, nitaendesha mimi. Nawe usininunie: kwa abiria wa nyuma kuna vikanyagio, na hapo miguu yako itafika.

Mama watoto